Zamu Saba

Ami yangu alishuka kutoka Maskati siku tatu kabla ya Idi ya mwaka 1992. Katika mizigo yake, baina ya mitandio ya mama na dele la kahawa la bibi, mlikuwa na boksi la kadibodi lililochorwa ndege za kivita na watu wanaoruka. Ndani tulikuta kisanduku cheupe chenye kingo nyekundu zilizokoza, pedi mbili ambazo waya zake zilitokea ndani ya mashine yenyewe, bunduki ya plastiki, na kaseti moja ya manjano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9,999,999. Mimi nilikuwa na miaka 11, mdogo wangu 8. Bibi alivaa miwani yake, akaisoma ile namba tarakimu moja moja, akasema hakuna kiumbe atakayejaaliwa umri wa kuzicheza zote.

Tukaanza kuzihesabu. Ilituchukua siku mbili kujua kwamba orodha ile ndefu inazunguka: gemu namba 3 na gemu namba 41 ni moja, ila hii inaanzia mwanzo na ile inaanzia katikati. Tulipokwisha kuchambua tulibaki na gemu sita. Sita zilitutosha miaka minne.

Televisheni kwetu haikuwa ajabu. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Ya kwetu ilikuwa na kiwiliwili cha mbao na chogo lililofika ukutani, na kwa kuwa matangazo yalifunguliwa jioni, mchana kutwa ilikaa imefunikwa kitambaa alichokidarizi mama. Ami akakifunua, akachomeka waya pale panapoingia antena, akampa mdogo wangu kazi ya kuzungusha kigurudumu cha kutafutia kituo. Chenga. Chenga tena. Halafu maandishi yakapita kwa kasi, sote tukapiga kelele, naye akarudi nyuma taratibu, kwa ncha ya kidole, mpaka yakasimama.

Picha ilikuja nyeusi na nyeupe.

Ami aliona haya, maana juu ya boksi kila kitu kilikuwa na rangi. Akaitwa fundi redio aliyekuwa na kibanda chini ya jengo letu pale Michenzani, akapanda na bisibisi yake nyuma ya sikio. Alitazama, akagonga chogo, akazungusha vifundo vyote, kisha akatueleza kwa maneno ambayo sijayasahau: mashine hii ni ya mfumo wa rangi wa Japani, unaoitwa NTSC, na televisheni hii ni ya PAL, kama za Waingereza, umbo zinaelewana, rangi hazielewani. Dawa hakuwa nayo. Basi kwa miaka yote ile mbingu yetu ilikuwa ya kijivu, matofali ya kijivu, na yule mtu mwenye masharubu alivaa ovaroli ya kijivu. Tulimwita Fundi Bomba, kwa vile kazi yake ilikuwa kuingia na kutoka mabombani. Jina la Mario tulikuja kulisikia baadaye, kwa watoto wa Shangani.

Gemu ile, Super Mario Bros., ilitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985. Mashine ambayo ya kwetu iliiiga, Famicom ya kampuni ya Nintendo, ilitoka Julai 1983. Maana yake, siku ami alipofungua boksi, gemu ilikuwa na umri wa miaka 6 na nusu na mashine inakaribia 9, na huko Japani Nintendo walikuwa wameshatoa Super Famicom tangu 1990. Tulichopokea kilikuwa cha zamani. Hatukujua, na hata tungejua, habari hiyo tungeifanyia nini? Siku hizi watu huniuliza kwa nini mtu mzima nacheza gemu za zamani, na wanauliza kana kwamba kuna mpya nilizoziacha nikarudi kuzifuata hizi. Mimi sikuwahi kucheza gemu za aina nyingine. Kila gemu niliyoipenda ilinifikia ikiwa imeshakula umri, imeshapita mikono mingi, imeshavuliwa hata jina. Upya wa gemu ni habari ya dukani. Sisi tulizipata kama tulivyozipata ngano za bibi, bila ya tarehe, na mtu akikutolea ngano usiku humuulizi imetungwa mwaka gani.

Kanuni za nyumba zilikuwa za bibi. Kutoka skuli mpaka Alasiri, basi. Baada ya hapo chuoni, na usiku televisheni ya wakubwa. Ndani ya masaa hayo mawili walipanda watoto wa ngazi nzima, viatu vimejaa mlangoni, wa mbele mkekani, wa nyuma juu ya meza ya kulia. Zamu zilikwenda kwa mpangilio wa kuingia: roho tatu, zikikwisha unampa pedi mwenzako. Mtoto angeweza kucheza dakika kumi na kutazama saa moja na dakika hamsini, na asione kuwa amedhulumiwa. Fundi Bomba akiruka shimo, chumba kizima kiliinua mabega pamoja naye. Akifa, walioshusha pumzi walikuwa kumi na tano.

Siri zilitembea kwa mdomo. Kijana wa Kikwajuni ndiye aliyeleta habari kwamba katika steji ya pili, ile ya chini ya ardhi, mtu anaweza kupanda juu ya dari, akaendelea mbele kulipita bomba la kutokea, akakuta chumba chenye mabomba matatu ya kumpeleka ulimwengu wa pili, wa tatu au wa nne. Alilipwa kashata mbili. Mwingine, aliyerudi kutoka likizo Mombasa, alikuja na mfuatano wa vitufe vya gemu ya Contra umeandikwa kiganjani kwa kalamu ya wino, umeshaanza kufifia kwa jasho: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Badala ya roho tatu ukipata 30. Nakumbuka kimya kilichoingia chumbani pale alipokufa mara ya nne na gemu ikaendelea.

Mfuatano ule ni wa Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami. Aliuweka kwanza katika gemu ya Gradius ya Famicom, mwaka 1986, kwa sababu gemu ilikuwa ngumu mno na yeye alikuwa na kazi ya kuijaribu mpaka mwisho. Alifariki Februari 2020. Niliposoma habari ya kifo chake nilikuwa kazini, na jambo la kwanza lililonijia si sura yake, ambayo hata sikuijua, bali ni kile kiganja chenye wino.

Lakini gemu iliyokuwa yetu hasa ilikuwa ya vifaru. Jina lake Battle City, ya kampuni ya Namco, 1985. Vifaru viwili vya wenza, nembo ya tai chini katikati iliyozungukwa na matofali, na maadui 20 wanaoshuka kutoka juu kuja kuivunja. Toleo la Famicom liliuzwa Japani tu. Kwingine duniani lilisambaa kwa kaseti za kunakili kama ile ya manjano ya ami. Na ndani yake mlikuwa na kitu ambacho gemu zetu nyingine hazikuwa nacho: mahali pa kujenga steji yako mwenyewe. Unapewa kiwanja cha miraba 13 kwa 13, na unachagua cha kuweka katika kila mraba: tofali, chuma, maji, miti au barafu.

Mdogo wangu aliijenga Michenzani. Anayepajua atakumbuka yalivyo majumba yale marefu, yamefuata njia mbili zinazokatana, na mzunguko wa magari pale kati. Majumba aliyajenga kwa tofali. Mzunguko kwa chuma, kwa sababu hakuna kinachouvunja. Minazi kwa miti, na barafu, ambayo hakuna aliyewahi kuiona imetanda chini, aliiweka penye uwanja wa mpira, maana watu wanateleza. Tai alikuwa hawezi kumhamisha, basi akageuza mji mzima mpaka pale chini katikati pakawa mlango wetu. Kibanda cha fundi redio hakukisahau: tofali moja, kushoto kwa ngazi.

Mashine haikuwa na uwezo wa kuhifadhi chochote. Ukizima, mji unakufa. Kwa hiyo aliuchora katika daftari la hesabu lenye miraba, na kila siku zamu yake ilipofika aliufungua ukurasa ule na kuujenga upya, mraba kwa mraba, mpaka watoto wengine wakawa wanamwekea wakati wa kujenga bila ya kunung'unika. Mara nyingi zamu yake iliishia hapo. Anaweka tofali la mwisho, anatazama, anampa mtu pedi aupiganie mji. Yeye kupigana hakukumshughulisha sana.

Bibi naye alikuwa na gemu yake. Mchana mmoja, baada ya sala, alikuja na kanga ya kusalia bado mwilini, akaomba ile bunduki. Gemu ya bata, Duck Hunt, ya 1984: bata wanaruka kutoka majanini, unapiga, ukikosa anatokea mbwa na kukucheka. Bibi alikosa mara tatu na mara tatu akachekwa. Akaishusha bunduki, akasema mbwa huyu hakufundwa, akaelekeza mtutu kwa mbwa na kumpiga kwa dakika nzima. Mbwa hafi. Tangu siku ile, kila tulipoicheza, alisimama mlangoni kuuliza kama mbwa keshapata adabu.

Nimebakiwa na jambo moja la miaka ile, nami nilitaje kama lilivyokuwa.

Ilikuwa masika ya mwaka 1993, mvua inanyesha, chumba kimejaa zaidi ya kawaida. Mimi ndiye niliyekuwa na pedi. Mdogo wangu, kutoka juu ya meza, akasema: "Kichaka kile ni wingu."

Hakuna aliyemjibu. Akasema tena: "Kile kichaka. Ni wingu limekaa chini."

Wakaangua kicheko. Mkubwa mmoja akamwambia wingu liko juu na kichaka kiko chini, na asiyejua tofauti yake bado anyonye. Yeye hakukasirika, aliteremka, akaja mpaka kwenye kioo, akaweka kidole kwenye nundu za wingu akihesabu, kisha akakishusha kwenye nundu za kichaka. "Tatu hapa, tatu hapa. Na huku limechongoka hivi hivi." Mimi nilikuwa nimeshakufa kwa sababu ya mkono wake uliopita mbele yangu, wenzangu wananicheka pamoja naye, na nikaona bora nimtenge. Nikasema twende kwa wenye rangi. Akishindwa, anakosa zamu siku saba.

Mwanafunzi mwenzangu aliyekaa Shangani alikuwa na mashine halisi na televisheni iliyoelewana nayo. Ijumaa baada ya sala tulikwenda watu watano. Tulivua viatu, tukasalimia wakubwa, tukapewa maji ya ndimu. Kisha gemu ikawashwa, nami kwa mara ya kwanza nikaiona mbingu ya Fundi Bomba, buluu, na ovaroli yake, na matofali yana wekundu wa udongo uliochomwa. Na kichaka kilikuwa kijani. Na wingu jeupe.

"Umeona?" nikamuuliza.

Alisogea karibu na kioo mpaka uso wake ukaingia rangi. "Lakini umbo..." akasema.

"Rangi umeiona au hukuiona?"

Akasema ameiona. Tulirudi kwa miguu kupitia Darajani bila ya yeye kusema neno. Siku saba alikaa juu ya meza ya kulia na daftari lake limefungwa mapajani, na siku saba Michenzani haikujengwa. Ya nane alipopewa pedi alijenga nusu, akaiacha. Hiyo nusu ndiyo niliyoishi nayo.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Umeme ulipanda siku moja ukaunguza adapta, mashine ikafungwa ndani ya foronya na kuwekwa kabatini pamoja na vipande vya nafthalini. Nilikwenda kusoma Dar es Salaam, nikapita mbele ya mabanda ya gemu yaliyojaa vijana na mpira wa PlayStation, nikatazama kidogo, nikaendelea na safari yangu. Nikarudi kisiwani kufundisha hesabu. Mdogo wangu alimfuata ami Maskati mwaka 2001, akaoa huko, anachora ramani za majengo. Bibi alifariki mwaka mmoja kabla ya yeye kuondoka. Foronya ilibaki pale pale.

Ilifunguliwa na giza. Disemba 2009 umeme unaotufikia kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa bila ya umeme mpaka Machi. Miezi mitatu. Aliyekuwa na jenereta aliliwasha saa moja jioni, na kwake ndiko walikokwenda majirani na simu zao kuchaji. Sisi tulikuwa na jenereta dogo la petroli ambalo lilibeba taa mbili na televisheni ya chogo ya inchi 14. Matangazo hayakuwa na ladha kwa watoto, na usiku wa pili au wa tatu mama akasema: lile dude lenu si lipo? Nilikuwa nimeshanunua adapta nyingine bila ya kujua kwa nini. Nikalipuliza vumbi, nikaichomoa na kuichomeka kaseti mara nne, na orodha ya gemu 9,999,999 ikapanda. Televisheni ile ilikuwa ya zama za baadaye, inasoma mifumo yote miwili, kwa hiyo rangi zilikuja zenyewe.

Sebuleni walikuwamo watoto kumi na mbili, na simu labda ishirini zimelala sakafuni kwenye nyaya zake. Niliwawekea vifaru. Hakuna hata mmoja aliyeuliza gemu ile ni ya lini. Waliuliza zamu ya nani. Kifaru cha kwanza kilipokaribia tai, mtoto wa jirani, wa miaka 8 hivi, akasimama na kupiga ukelele niliokuwa nikiujua, na wakubwa waliokuja kuchukua simu zao wakabaki wamesimama mlangoni na viatu mkononi mpaka petroli ilipokwisha.

Tangu hapo sikuifunga tena. Nilianza pia kusoma, na nikajua vitu ambavyo ningependa kumwambia fundi redio. Kwamba ubongo wa mashine ile una kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu. Kwamba Nintendo waliendelea kutengeneza Famicom hadi mwaka 2003, miaka 20 kamili, hivyo wakati sisi tunaifunga kabatini kama maiti, kiwandani ilikuwa bado inazaliwa. Kwamba mtu aliyeongoza ubunifu wake aliitwa Masayuki Uemura. Alifariki Disemba 2021, na siku niliyoisoma taazia yake nilihisi kuwa kisanduku chetu kisicho na jina kilikuwa na baba. Nilisoma pia uchunguzi wa mwaka 2023 wa taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya gemu, uliokuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa njia ya kuuzwa. Hilo liliniuma kweli. Zilizobaki zimebaki kwa sababu kuna watu waliozinakili, wakazitunza, wakaziandikia programu za kuiga mashine zilizokufa, na kaseti ya manjano ya ami, iliyonakiliwa bila ya ruhusa ya mtu, imo katika safu hiyo. Najua wenye haki walipoteza fedha. Najua vilevile kwamba bila ya kaseti zile Battle City isingefika Michenzani.

Na Disemba ya mwaka ule ule wa 2023, mtoto wa miaka 13 wa Oklahoma aliicheza Tetris ya mwaka 1989 mpaka akaifikisha steji ya 157, ambapo gemu yenyewe ilishindwa kuendelea na kuganda. Alikuwa binadamu wa kwanza kuifikisha hapo. Gemu imemtangulia kuzaliwa kwa zaidi ya miaka 20, na ilikuwa bado inamngoja mtu wa kuimaliza.

Julai 2024 mdogo wangu alimtuma mwanawe kuja kukaa nasi likizo. Kijana wa miaka 14, mpole, simu haimtoki mkononi. Nilimtolea mashine, na kitu cha kwanza alichokishika kilikuwa bunduki. Tukaichomeka kwenye televisheni bapa ya ukutani. Bata wakaruka, akapiga, akakosa. Akasogea, akauweka mtutu juu ya bata kabisa, akakosa. Mbwa akacheka.

Nilimweleza, na naona fahari kuwa nililijua hili. Bunduki ile haitoi kitu, inapokea. Ni jicho. Unapovuta kifyatulio, skrini inakuwa nyeusi kwa muda ambao wewe huudiriki, kisha pale penye bata panawaka mraba mweupe, na bunduki ikiuona mwanga ule hapo hapo, bata kapigwa. Televisheni ya chogo huchora picha papo kwa papo, signali inaingia na mwanga unatoka. Ya ukutani huishika picha kwanza, huisafisha, ndipo huionesha, na mraba mweupe ukija, jicho la bunduki limeshafumba.

"Kwa hiyo inataka TV ya zamani, Ami?"

Tuliiteremsha ile ya inchi 14 kutoka juu ya kabati, tukaifuta. Bata wa kwanza alianguka kwa risasi ya kwanza, akacheka mpaka akakaa chini. Nilimsimulia habari za bibi na mbwa. Kisha akaweka Fundi Bomba, akaenda hatua chache, na bila ya kugeuza uso akasema, kama mtu anayetaja jambo la kila siku: "Wajanja hawa. Kichaka ni wingu lile lile, wamelipaka kijani tu."

Nilimwambia arudie.

"Kila mtu anajua, Ami. Gemu nzima ilikuwa na kilobaiti 40. Nafasi ya kuchora vitu viwili hawakuwa nayo."

Kilobaiti 40. Ujumbe wa sauti anaonitumia dada yangu simuni, kabla hajafika kwenye kuuliza habari za watoto, umeshaijaza nafasi hiyo, na humo Shigeru Miyamoto na wenzake walitia ulimwengu nane, muziki, mapango, bahari na mbingu. Yote hayo nilikuwa nikiyajua kwa namba. Lakini nilichukua rimoti, nikatafuta palipoandikwa rangi, nikaishusha mpaka sifuri.

Mbingu ikawa ya kijivu. Pale pale nikawa juu ya mkeka, mvua inanyesha. Nikaweka kidole kwenye wingu: tatu. Nikakishusha kwenye kichaka: tatu. Na limechongoka hivi hivi. Mtoto wa miaka 8 aliliona kwenye picha mbovu ambayo ami aliionea haya, na mimi nilimpeleka Shangani rangi ikamnyamazishe.

Nilimpigia usiku ule ule. Nilidhani atakuwa amesahau.

"Sema tena, Kaka," akasema.

Nikasema tena. Nikamwambia alikuwa na haki, na mimi nilimdhulumu mbele ya watu, nami namwomba radhi. Kukawa na kimya upande wa pili, nikisikia kipoza hewa cha nyumba yake kikivuma. Kisha akasema: "Basi nadai zamu saba."

Alikuja Disemba, mara ya kwanza katika miaka minne. Tulikula, tukawatembelea wakubwa, tukaenda kaburini kwa bibi. Watoto walipolala nilitandika mkeka, kwa sababu kochi lilikuwa mbali na waya wa pedi ni mfupi. Akakaa, akakunja miguu kama zamani, akaishika pedi kwa mikono miwili na kuigeuza kuangalia mgongo wake, ambapo bado pana alama ya moto wa pasi. Nilitaraji atachagua Fundi Bomba. Akateremka katika orodha mpaka kwenye vifaru, akaingia pale pa kujengea.

Daftari halipo, lilikwenda na karatasi kuukuu miaka mingi nyuma. Alijenga kwa kichwa. Mzunguko kwanza, chuma. Majumba, tofali juu ya tofali, akihesabu kwa midomo bila ya sauti. Maji, miti, barafu penye uwanja. Nilimtazama karibu nusu saa na sikutaka pedi. Alipofika chini, karibu na tai, mkono ukasita.

"Kibanda cha fundi redio kilikuwa upande gani?"

"Kushoto kwa ngazi."

Akaweka tofali, akaegemea nyuma kutazama, kisha akanipa pedi.

"Hii moja," akasema. "Bado sita."